Ukuta Usiofika Dari

Vijana wangu wa karakana,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, ndoo mbili za plastiki na saa ya ukutani, mkaniomba niandike machache kuhusu kazi kabla sijasahau. Saa imeshasimama. Mimi bado natembea. Ningeendelea kuahirisha, ila juzi mmenitumia mchoro wa ukarabati wa ile wodi ya akina mama kule Kilungu niukague, na nimeona pale juu ya kiambaza, ule ukuta mwepesi wa katikati, mmeandika kwa kalamu nyekundu: "Mwanya uzibwe, vumbi na popo." Basi nimeketi kuandika, na itabidi mnivumilie nianze mbali.

Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nilikuwa napata ngapi. Mshahara haukunifundisha chochote isipokuwa subira.

Nilifika karakana ya Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini, msichana wa cherehani. Kazi yetu ilikuwa miradi ya harambee popote Ukambani. Wananchi walikuwa wanajenga kuta, wanaezeka mabati, kisha wanagundua kwamba nyumba tupu haimsaidii mtu, ndipo wanatuita. Tulitengeneza mabenchi, rafu, milango, viambaza na mapazia, na tukaamua kila kitu kikae wapi na kitazame wapi. Nyinyi leo mna jina refu la kazi hiyo na cheti chake. Sisi tuliiita kuvalisha nyumba.

Aliyenipokea alikuwa Fundi Athumani, seremala mkuu. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani kwa biashara akaoa, akakaa. Fundi alizungumza Kikamba kizuri kuliko mchungaji wetu, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuonekane tumeokota chetu barabarani. Nilimkuta anapiga randa ubao wa mlango, nikamsalimia, nikauliza cherehani iko wapi.

"Ipo, haikimbii," akasema. "Kwanza keti pale."

Pale ni kwenye benchi la ofisi mpya ya chama cha ushirika tuliyokuwa tunaivalisha upande wa pili wa barabara. Nikaketi. Nilidhani ananihurumia kwa sababu nilikuwa nimetembea kutoka mbali. Watu wakaingia, watu wakatoka, chai ya saa nne ikapita bila mimi. Mwishowe akaja na kikombe.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Nimeona mlango."

"Na mlango umekuona?"

Sikumwelewa. Akaniambia nihamie kiti cha pili, kisha cha tatu. Jioni nikawa nimemwelewa. Kwenye benchi la kwanza kila anayeingia anakutazama usoni kabla hujamtazama, na mkulima aliyekuja kuomba mkopo hapendi kutazamwa hivyo. Kesho yake tulilihamisha benchi, na mapazia nikayashona kwa dirisha moja tu, lile lililokuwa linampiga karani jua machoni.

Huo ndio ufundi wote nilioupata pale, mengine ni mikono. Tuliuita kukalia chumba. Usichore kabla hujaketi kila mahali mtu atakapoketi, na usiketi kama ofisa, keti kama yeye. Timazi na pima maji vitakuambia kama ukuta umesimama wima. Havitakuambia kama mama fulani ataupita.

Tulikuwa na siku mbaya pia. Kule Kibwezi kamati ya jumba la mikutano ilitaka madirisha makubwa ya vioo kama ya Nairobi. Tuliwaambia jua la Kibwezi si la Nairobi, wakatuambia wao ndio wenye pesa. Siku ya kufungua, wageni waliiva humo ndani, na meza ya mgeni wa heshima, ambayo kamati iliileta yenyewe, ikapiga magoti katikati ya hotuba kwa sababu mchwa walikuwa wameshamaliza mguu mmoja. Mgeni wa heshima akasema hajawahi kuheshimiwa hivyo. Tulirudi tukaweka madirisha ya mbao yenye mianya ya kupitisha upepo, na mikeka ya mkonge chini ya mabati, na hadi leo watu wanakaa pale mchana bila kujipepea.

Kikima tulivalisha chumba cha mikutano cha akina mama. Karani wao alitaka makabati. Nilipokikalia niliona kila mama akiingia anatafuta pa kuweka kyondo, kikapu chake cha kusuka, hapati, anakipakata mkutano mzima kama mtoto mgonjwa. Tukapigilia vigingi vya mbao kuzunguka ukuta wote, usawa wa bega. Mkutano wa kwanza baada ya hapo ukuta ulijaa vyondo vya kila rangi, na mikono ya akina mama ikawa huru, na watu wakishakuwa na mikono huru hubishana vizuri zaidi. Mwenyekiti alinilaumu kwa hilo. Nilijivuna mwezi mzima.

Sasa Kilungu.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati Makueni yote ingali ndani ya Machakos. Akina mama wa mwethya, ile kazi ya pamoja ya kusaidiana, walikuwa wamejenga wodi ya kujifungulia kwa kubeba mawe mgongoni kutoka mtoni hadi juu kilimani. Aliyewaongoza alikuwa Mama Kavutha, mjane mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Binti yake mkubwa alifia nyumbani akijifungua, hakuna aliyeweza kumshusha kwenye zile njia za mlimani kwa wakati. Baada ya msiba Mama Kavutha alibeba jiwe la kwanza peke yake, na wengine wakamfuata.

Wodi ikaisha. Ikapata muuguzi, Sista Ndinda, mkunga hodari. Ikapata vitanda. Na hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja kujifungua. Walikuja kupimwa asubuhi wakati hakuna mtu, wakarudi kujifungulia nyumbani.

Ofisa wa afya, mtu mwema ambaye hakuwa Mkamba, aliitisha baraza akawauliza kwa nini. Bibi mmoja akajibu kwa neno moja: "Nthoni." Karani wake, kijana wa Kitui mjini, akatafsiri: "Wanaona aibu, bwana." Ofisa akaandika aibu. Ikaletwa rangi ya waridi ya kupendezesha kuta. Likaletwa bango la mama anayecheka, limeandikwa "Usione aibu". Hawakuja. Ndipo ofisa akasema kama mvua za mwisho wa mwaka zitaanza na vitanda bado vitupu, jengo litakuwa ghala la mbolea, kwa sababu mbolea ilikuwa inanyeshewa na haioni aibu.

Na sisi tukatumwa tuweke mapazia mazito, ili aibu ipungue.

Mimi ni Mkamba. Neno hilo nimelijua tangu nikiwa mgongoni. Lakini nililetewa kwa Kiswahili, nikalisikia kwa Kiswahili, nikabeba mapazia yangu. Fundi Athumani alipofika tu alining'ang'ania: "Keti kwanza."

Nikaketi. Mwenyekiti wa mradi, Bwana Kimeu, mzee wa kanisa ingawa umri wake haukuwa mkubwa, alikuwapo pia, kaja kutukaribisha na tai yake shingoni. Lilikuwa jengo refu lenye mlango mmoja. Ukiingia unapita kwenye ujia mwembamba wenye mabenchi pande zote mbili, magoti ya huyu yakigusa ya yule, wanaume wanaosubiri sindano ya malaria hapo hapo, kisha ndipo unafika kwenye wodi. Nikajifanya mimi ni mama niliyemleta binti yangu na uchungu. Nilikuwa bado naketi hivyo nilipomwona Mama Kavutha akija na kyondo cha ndizi za kutukaribisha. Akafika mlangoni, akachungulia, akageuka mara moja akarudi alikotoka na ndizi zake.

Hapo nikakumbuka jambo. Nilishafika Kilungu wakati wa ujenzi, na kila Kimeu alipotokea kukagua, Mama Kavutha alikuwa anashuka mtoni kuchukua mawe mengine. Nilidhani ni bidii.

Nikamfuata njiani. "Mama, mbona umerudi?"

"Si umeona mwenyewe nani amekaa hapo ndani?"

"Bwana Kimeu?"

"Usinitajie jina!" Akajifunika mdomo kwa leso. "Huyo ndiye ameoa msichana yangu, ule nilibaki naye. Sasa wewe niambie, mimi nitaingia aje? Mwikali ako na mimba. Uchungu ikianza, mimi ndiye nitamleta, na bwana yake atakuja pia, si ni bibi yake? Tutakutana kwa hiyo njia nyembamba macho kwa macho, mimi na mkwe wangu, na msichana analia hapo ndani vile mwanamke analia? Afadhali azalie kwa jiko. Hii nyumba tumejenga ni muzuri, lakini iko na mdomo moja."

Nthoni ni aibu, ndiyo. Pia ni heshima. Ni ile heshima kati ya wakwe inayomfanya mwanamume aache njia akimwona mama mkwe wake anakuja, na mama mkwe naye ageukie kichakani. Neno moja lenye miguu miwili, na karani alikuwa amekanyaga mmoja tu. Akina mama wale hawakuona haya yoyote juu ya kuzaa. Walikuwa wanawaheshimu wakwe zao.

Nilirudi mbio kumwambia Kimeu tunahitaji mlango wa pili. Akanisikiliza kwa upole wote wa mzee wa kanisa.

"Dada yangu, hapa sisi tumeokoka. Hiyo maneno ya nthoni tuliacha pamoja na ngoma. Nikikutana na mama ya bibi yangu, nitamwambia Bwana asifiwe, basi, napita."

Ofisa naye alisema ramani imeshapitishwa, na ramani ikishapitishwa haitobolewi mlango. Lakini akaahidi kuja mwenyewe kuona mapazia.

Siku aliyokuja, Kimeu alivaa suti. Akamwongoza ofisa kwenye ujia, karani nyuma yao, mimi nyuma ya karani. Anamwonyesha hapa, anamwonyesha pale. Na kutoka upande wa wodi, kibuyu cha uji wa Sista Ndinda mkononi, akatokea Mama Kavutha.

Hakukuwa na pa kugeukia. Mbele yupo mama mkwe, nyuma tupo sisi. Mama Kavutha akajitupia leso usoni akauelekea ukuta. Na mzee wa kanisa, suti, tai, Bwana asifiwe na yote, akaweka mguu mmoja kwenye benchi, wa pili kwenye kizingiti cha dirisha, akatoka nje kwa dirisha. Tulisikia matawi ya mbaazi yakivunjika.

Ofisa akalitazama dirisha kwa muda.

"Kwa nini mwenyekiti amepita dirishani?"

Karani akajibu, "Ni... ni nthoni, bwana."

"Aibu? Aibu ya nini, na amevaa suti?"

Karani akajaribu kueleza, akakwama, nami nikamalizia. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye dirisha, akachungulia nje, ambako Kimeu alikuwa anajipangusa majani ya mbaazi kwa heshima kubwa, na akauliza kwa sauti ya chini, "Je, mwanamke mjamzito anaweza kupita hapa?"

"Hapana, bwana."

"Basi toboeni mlango."

Mpaka leo sijui ni nani aliyemwambia Mama Kavutha apeleke uji wodini saa ile ile. Nilipomuuliza Fundi Athumani, alikuwa ameinamia randa yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Jioni Kimeu alituma mbuzi wa kuomba radhi kwa mama mkwe wake, na sisi tukapata mbao za saipras kutoka shambani kwake, bila maneno.

Tulifanya kazi tukiyatazama mawingu. Mafundi wa mawe walitoboa mlango wa pili nyuma, upande wa njia ya mtoni, ili akina mama waje kwa njia yao na wanaume kwa yao. Mabenchi tukayapindua yakawa yanapeana mgongo. Upande wa akina mama tukaweka jiko la mafiga matatu chini ya paa dogo, kwa sababu mzazi anayepewa uji baridi hasahau. Tukapigilia vigingi vya vyondo. Na katikati, kutoka mbele hadi nyuma, tukasimamisha kiambaza.

Kiambaza ndicho kilichotupa shida. Matofali yangeula ujia wote. Pazia lingepeperuka. Fundi Athumani akasema nyumbani kwao, wageni wa kiume wakija, wanawake hukaa nyuma ya kitu chepesi ambacho jicho halipiti. Yeye akatengeneza fremu za saipras, kiungo kwa kiungo kwa patasi, msumari hata mmoja hakuna. Nami nikawaomba akina mama wa mwethya wajaze fremu hizo kwa kusuka mkonge, vile wanavyosuka kyondo. Kila mama fremu yake, kila mmoja na mistari yake. Hakuna mbili zinazofanana, ndiyo sababu nacheka nikisikia wageni wanasema ni "muundo". Ni akina mama waliokataa kuigana.

Zilipokaribia kwisha, nilimuuliza Mama Kavutha kama tuzifikishe hadi dari.

"Zifike huko juu ya nini? Kuongea si mubaya. Ni macho tu."

Fundi akatikisa kichwa kukubali. "Jicho lizuiwe, sauti ipite," akasema, na tukaacha mwanya. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliujenga ukuta na ufa tukauacha kwa makusudi, na sijawahi kujutia.

Mvua zilianza tukiwa tunapaka mafuta fremu ya mwisho. Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa napigilia kigingi kilichokuwa kinacheza, Mwikali alipoletwa kwa mlango wa nyuma, amemwegemea mama yake, wote wameloa. Sista Ndinda akampokea. Baada ya muda mlango wa mbele ukafunguka, nikasikia viatu vya Kimeu, na benchi la upande wa wanaume likalia. Akakohoa, kwa namna mtu anavyokohoa ili ijulikane yupo. Mama Kavutha, aliyekuwa anakoroga uji, akakohoa pia. Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Sikupigilia tena. Nilisimama na nyundo yangu mkononi kama mjinga. Mvua ilikuwa inapiga mabati, Mwikali alikuwa analia ndani, na mimi nilikuwa namwomba Mungu, si kwa ajili ya mradi, kwa ajili ya yule mama ambaye alishazika mmoja. Mwiko wake ulikuwa unazunguka kwenye sufuria ya uji ulioiva zamani. Sista akamwita. Akauacha mwiko, akaingia.

Kisha mtoto akalia.

Mama Kavutha akatoka amembeba kwenye leso. Alikuwa mtoto wa kike, wa pili. Nanyi mnajua desturi yetu, msichana wa kwanza wa nyumba hupewa jina la mama ya baba, na wa pili huwa ni mama ya mama. Akasimama karibu na kiambaza, karibu na fremu aliyoisuka mwenyewe, akainua uso kwenye ule mwanya, na kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde akaliita jina alilonikataza nisimtajie:

"Kimeu! Nimezaliwa!"

Upande wa pili benchi likalia, nikadhani anatoroka kwa dirisha tena. Halafu nikasikia sauti ya mwanamume mzima anayelia na hataki ijulikane.

"Karibu, mwaitu," akasema. "Karibu, mama yangu."

Kabla mvua hazijaisha vitanda vilikuwa vimejaa, na Sista Ndinda akaanza kunilaumu mimi kwa uhaba wa mablanketi. Ofisa wa afya alileta wenzake kutoka wilaya nyingine kuangalia, na kila mara alikuwa anawapeleka kwanza kwenye lile dirisha. Tulivalisha zahanati nyingi baada ya hiyo, Mwingi, Kikima, Kibwezi, na popote tulipoketi kwanza, watu walikuja. Fundi Athumani alifariki akiwa na randa yake chini ya kitanda. Mama Kavutha pia ametangulia. Yule Kavutha mdogo ni mwalimu sasa, na sauti anayo ile ile, waulize wanafunzi wake.

Kwa hiyo mchoro wenu nimeupitia. Sakafu, badilisheni. Mabati, badilisheni, yamechoka kama mimi. Fremu zilizooza wapeni akina mama wazisuke upya, na msiwaambie wafanane. Ule mwanya uacheni ulivyo. Kuhusu vumbi, nunueni fagio lenye mpini mrefu.